Usaili wa wahitimu katika maombi ya vyuo vikuu vya Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa kijana anayeomba kusoma shahada ya kwanza Marekani, na wa mzazi au mwalimu anayemsaidia. Kila mwaka ifikapo Novemba maswali huwa yale yale: barua pepe imeingia kutoka kwa mtu asiyejulikana, anasema alisoma Yale au MIT, anaomba kuzungumza na mwombaji, na nyumba nzima inaingia wasiwasi. Majibu yanaanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye hali za pekee.

## Mambo ya msingi

Usaili wa mhitimu ni nini hasa?

Ni mazungumzo kati ya mwombaji na mtu aliyewahi kusoma katika chuo kinachoombwa. Mtu huyo hajaajiriwa na ofisi ya udahili. Anajitolea tu. Anaweza kuwa daktari Nairobi, mhandisi Dar es Salaam au mwanasheria London. Mnazungumza kwa dakika 30 hadi saa moja, siku hizi mara nyingi kwa Zoom, kisha yeye anaandika ripoti fupi na kuipeleka chuoni. Ripoti hiyo inaingia kwenye faili lako pamoja na alama, insha na barua za walimu.

Hakai kwenye kamati inayoamua, na hapigi kura.

Una uzito gani? Nataka jibu la moja kwa moja.

Mdogo, lakini upo. Kinachotangulia ni alama zako na ugumu wa masomo uliyosoma, kisha mitihani kama SAT pale inapotakiwa, insha, barua za mapendekezo, na shughuli zako nje ya darasa. Ripoti ya mhitimu inasomwa baada ya hayo yote. Kama umebakiwa na wikendi mbili kabla ya tarehe ya mwisho, zitumie zote mbili kwenye insha. Nimeona vijana wenye akili nyingi wakikariri majibu ya usaili wiki nzima huku insha yao ikiwa bado rasimu ya kwanza, na jambo hilo linaniuma kweli.

Nitajuaje chuo ninachoomba kinautazama vipi?

Vyuo vingi vya Marekani huchapisha kila mwaka hati iitwayo Common Data Set. Andika jina la chuo na jina la hati hiyo kwenye intaneti, fungua, nenda kipengele C7. Hapo kuna orodha ya mambo yanayoangaliwa, usaili ukiwa mmojawapo, na kila jambo limewekwa katika ngazi moja kati ya nne: muhimu sana, muhimu, linazingatiwa, au halizingatiwi. Katika vyuo vingi maarufu vyenye usaili wa wahitimu utakuta umewekwa "unazingatiwa", yaani ngazi ya tatu. MIT huupa nafasi kubwa kidogo kuliko wenzake.

Hati hiyo ni ya bure na inatoka chuoni kwenyewe. Iamini kuliko video za mtandaoni.

Vyuo gani vinafanya usaili huu, na vipi havifanyi?

Harvard, Yale, Princeton na MIT vimekuwa na mtandao mkubwa wa wahitimu wanaosaili. Georgetown hutaka mwombaji asailiwe kila inapowezekana. Vyuo vikuu vya mfumo wa University of California, vikiwemo Berkeley na UCLA, havisaili waombaji wa kawaida wa shahada ya kwanza. Brown na University of Chicago waliacha, wakaruhusu mwombaji atume video fupi ya kujitambulisha. Columbia nayo imeacha.

Taratibu hizi hubadilika, kwa hiyo soma tovuti ya chuo chenyewe katika mwaka unaoomba. Aliyosimuliwa kaka yako miaka mitatu iliyopita huenda hayapo tena.

Kama uzito ni mdogo, kwa nini vyuo vinaendelea nao?

Kwa sababu zaidi ya moja. Mhitimu anayekutana na vijana kila mwaka anaendelea kukipenda chuo chake, na anayekipenda hukichangia. Pia mwombaji anapata mtu wa kumuuliza maswali, jambo lenye faida kubwa kwa kijana wa Mwanza au Eldoret ambaye hana njia ya kwenda kutembelea kampasi. Na mara chache ripoti inafichua kitu ambacho karatasi hazikukionyesha.

Historia yake ina sehemu chungu. Katika miaka ya 1920 vyuo kama Harvard, Yale na Princeton vilianza kupima "tabia" ya mwombaji kwa usaili, picha na maswali ya ukoo, na nia mojawapo ilikuwa kupunguza idadi ya wanafunzi Wayahudi waliokuwa wakifaulu mitihani. Rais wa Harvard wakati huo, A. Lawrence Lowell, alipendekeza waziwazi mwaka 1922 kwamba idadi yao iwekewe kikomo. Usaili wa leo haupo kwa nia hiyo, lakini ni vizuri mwombaji ajue kwamba maoni ya mtu mmoja kuhusu haiba ya mwingine yaliwahi kutumika kuwafungia watu mlango.

## Ripoti inavyosomwa

Maofisa wa udahili wanaifanyia nini ripoti ya mhitimu?

Ushahidi mzuri tulio nao unatoka mahakamani. Kesi ya Students for Fair Admissions, kikundi kilichodai kwamba Harvard inawabagua waombaji wenye asili ya Asia, dhidi ya chuo hicho ilisikilizwa Boston mwaka 2018 na kuhitimishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 29 Juni 2023. Ilitoa hadharani mambo ambayo kwa kawaida hubaki ndani ya ofisi. Tulijifunza kwamba Harvard ilimpa mwombaji alama za 1 hadi 6, 1 ikiwa ya juu kabisa, kwa masomo, shughuli, michezo na haiba. Mhitimu naye alitoa alama zake mwenyewe, zikakaa kwenye faili pembeni ya zile za ofisi.

Jambo moja lilibishaniwa sana. Wahitimu waliozungumza na waombaji wenye asili ya Asia waliwapa alama za haiba zinazokaribiana na za Wazungu. Maofisa wa udahili, ambao wengi wa vijana hao hawakuwahi kuwaona, waliwapa alama za chini. Harvard ilijitetea kwamba ofisi hutazama pia barua za walimu na insha, ambazo mhitimu hazioni. Vyovyote utakavyolitazama jibu hilo, linatuambia kitu kuhusu mada yetu: maoni ya msaili na ya ofisi yakitofautiana, ya ofisi ndiyo yanayosimama.

Sababu ya kiutendaji ipo. Wasaili ni maelfu, kila mmoja ana kipimo chake, na wengi wao wana moyo mwema, hivyo wanamsifu karibu kila kijana waliyekutana naye. Ofisa anayesoma ripoti hamsini zinazosema "kijana bora kabisa" hana namna ya kuzitofautisha. Inayomsaidia ni ile yenye tukio mahususi ndani yake, na tukio hilo hutoka mdomoni mwako.

Usaili mzuri unaweza kuokoa maombi dhaifu?

Hapana. Mahali unapoweza kusaidia ni kwa mwombaji ambaye tayari yuko kwenye kundi la mwisho linalojadiliwa, faili lake likifanana na la mwingine. Vyuo vinavyokubali chini ya asilimia 5 ya waombaji vina vijana wengi wa kundi hilo.

Je, usaili mbaya unaweza kuniharibia?

Kusitasita, kusahau neno, kunyamaza sekunde kadhaa ukifikiri, hivyo havikuharibii. Wasaili wamewaona vijana wenye woga wengi tu. Kinachoharibu ni dharau, uongo, maneno ya chuki kuhusu kundi la watu, au kuonyesha kwamba shughuli uliyoiandika kwenye maombi huijui. Ukiandika kwamba uliongoza mradi wa maji kijijini, halafu ukashindwa kueleza maji yalitoka wapi, msaili atalazimika kuliandika hilo.

Kutotokea bila taarifa ni kosa la aina hiyo hiyo. Ukishindwa kufika, andika mapema.

Sikuitwa kwenye usaili. Nimeshakataliwa?

Hapana. Swali hili huulizwa kuliko yote, na mara nyingi huja na machozi. Wahitimu ni wachache kuliko waombaji, na katika Afrika Mashariki pengo hilo ni kubwa zaidi. Vyuo vinasema waziwazi kwamba kukosa usaili hakumpunguzii mwombaji kitu. Yale, kwa mfano, imesema inaelekeza nafasi kwa waombaji ambao kamati inahitaji kuwajua zaidi, kwa hiyo kutoitwa kunaweza kumaanisha kwamba faili lako linajitosheleza.

Angalia lakini kwenye kasha la barua taka. Walioomba kwa duru ya mapema, yenye tarehe ya mwisho ya Novemba mosi kwa vyuo vingi, huandikiwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Wa duru ya kawaida huandikiwa Januari na Februari.

## Kwa mwombaji wa Afrika Mashariki

Msaili ataniona kwa macho gani? Ameshasoma insha yangu?

Kwa kawaida hapana. Hupewa jina lako, mawasiliano, shule na pengine fani unayoipenda. Haoni alama zako za KCSE wala za kidato cha sita, haoni barua za walimu, wala hajui kama umeomba ufadhili. Usidhani anajua lolote uliloandika. Anza upya, kama kwa mtu mliyekutana naye mara ya kwanza, maana ndivyo ilivyo.

Nimelelewa nisijisifu mbele ya watu wazima. Nifanyeje?

Hili ndilo gumu kuliko yote, na ningependa kila mtoto wa kwetu alielewe kabla ya kubonyeza kitufe cha Zoom.

Kijana aliyefunzwa adabu Tanga au Machakos hajitangazi mbele ya mkubwa. Anajibu kwa ufupi, anainamisha macho kidogo, anasema "tulifanya" hata pale alipofanya peke yake, na sifa anawaachia wengine wamtolee. Nyumbani huo ni ukamilifu. Msaili aliyekulia Ohio anaweza kuandika: mpole, hana mengi ya kusema, sikuelewa mchango wake katika klabu ulikuwa upi. Hajakuchukia. Amekosa cha kuandika.

Huhitaji kugeuka mtu mwingine. Simulia kazi, ukaacha sifa zijitokeze zenyewe. "Mimi ni kiongozi mzuri" ni majigambo, na hayamsaidii msaili hata kidogo. Linganisha na haya: "Maktaba ya shule ilikuwa ikifungwa saa kumi jioni. Nilimwomba mwalimu mkuu ufunguo, nikapanga zamu za wanafunzi wanane, tukawa tunaifungua hadi saa mbili usiku." Hakuna hata neno moja la kujisifu humo, na aliyesikia anajua wewe ni nani. Taja wenzako kwa haki: mimi nilifanya hiki, Amina alifanya kile, mwalimu alitusaidia pale.

Jingine ni kazi za nyumbani. Wengi hudhani zinazohesabika ni klabu za mdahalo na vikombe vya michezo. Kama uliuza dukani kwa mama kila jioni, ukalea wadogo zako, ukakamua ng'ombe kabla ya shule, ukamfasiria bibi dawa zake, hayo ni maisha yako na yana uzito wake. Yaseme bila aibu.

Na kama msaili ni Mtanzania wa makamo, shikamoo haitakuharibia chochote. Mazungumzo yatakwenda kwa Kiingereza baada ya hapo.

Kiingereza changu kina lafudhi. Itanipunguzia?

Lafudhi haipimwi. Kinachotazamwa ni kama mnaelewana. Sema polepole, na usipolisikia swali omba lirudiwe. Ni afadhali kuuliza mara mbili kuliko kujibu swali ambalo hukuulizwa. Kiwango cha lugha kinapimwa kwa TOEFL, IELTS au Duolingo, kila chuo na masharti yake.

Nitaulizwa nini, na mimi niulize nini?

Mengi yanazunguka haya: jieleze, unapenda somo gani na kwa nini, muda wako nje ya darasa unautumiaje, umesoma kitabu gani kilichokugusa, kwa nini chuo hiki. Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wengi. "Kwa sababu ni chuo bora duniani" halijibu kitu. Taja kozi, maabara, mwalimu au utaratibu wa masomo uliousoma kwenye tovuti ya chuo na unaohusiana na unachokitaka.

Usikariri majibu. Andaa matukio matatu au manne ya maisha yako ambayo unaweza kuyasimulia vizuri, na utaona yanajibu maswali mengi.

Zamu yako ikifika, muulize kuhusu yeye: nini kilimgeuza mawazo pale chuoni, baridi aliizoeaje, wanafunzi wa Kiafrika walikutana wapi, angefanya nini tofauti. Usimuulize nafasi yako ya kukubaliwa. Hajui.

Nivae nini? Nibebe vyeti?

Nguo safi ya heshima inatosha. Suti si lazima, sare ya shule inakubalika. Usibebe cheti wala wasifu isipokuwa ameomba.

Umeme au intaneti ikikatika katikati ya mazungumzo?

Mpe namba ya simu au ya WhatsApp mapema, na mwambie mwanzoni kabisa kwamba hilo linaweza kutokea. Likitokea, mwandikie mara moja mkubaliane muda mwingine. Wasaili wanaelewa. Wengine wanaishi mji ule ule na umeme umewakatikia wao.

## Fedha, usalama na mipaka

Kuna mtu anataka nilipie usaili. Ni halali?

Usaili wa mhitimu haulipiwi hata senti moja, na chuo hakimtumi mhitimu kukusanya fedha. Mtu akitaka malipo ili akusaili, akuahidi nafasi, au "aongee na wenzake", huyo ni tapeli. Hakikisha jina lake kwa kuiandikia ofisi ya udahili kupitia anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo.

Usichanganye na kampuni za usaili kama InitialView, ambazo humrekodi mwombaji wa kimataifa kwa ada na kutuma video chuoni. Hizo ni huduma tofauti, hufahamika, na tovuti ya chuo hueleza kama inazipokea. Ushauri wa bure unapatikana EducationUSA, ambayo ina washauri Nairobi na Dar es Salaam.

Msaili amenialika nyumbani au ofisini kwake nikiwa peke yangu.

Pendekeza Zoom, maktaba au mgahawa wenye watu. Vyuo vingi vimewazuia wahitimu kusaili vijana majumbani, na msaili mwema hataudhika. Mzazi anaweza kukusindikiza na kukaa meza nyingine, ila asikae kwenye mazungumzo. Ukiona jambo lolote lisilofaa, ondoka, mwambie mtu mzima unayemwamini na uiandikie ofisi ya udahili siku hiyo hiyo. Malalamiko ya aina hii hayakuharibii maombi.

Ameniuliza wazazi wangu wana kipato gani na nimeomba vyuo gani vingine.

Hayo hayamhusu. Jibu kwa upole: "Suala la fedha tumeliwasilisha kwa ofisi ya ufadhili," au "Nimeomba vyuo kadhaa, na hiki nakipenda kwa sababu hizi," kisha endelea. Maswali ya dini, kabila na siasa nayo huna wajibu wa kuyajibu.

Huu ndio usaili wa ubalozini?

Hapana, na kuvichanganya kumewaponza wengi. Usaili wa viza ya mwanafunzi, iitwayo F-1, unakuja baada ya kukubaliwa, ukiwa na fomu ya I-20 kutoka chuoni. Anayekuuliza ni ofisa wa ubalozi mwenye mamlaka ya kukupa au kukunyima, na mazungumzo huwa ya dakika chache. Anataka kujua nani anakulipia, utasoma nini, na kama utaondoka Marekani masomo yakiisha. Pale majibu mafupi yenye ushahidi ndiyo yanayofaa. Simulizi tuliyoishauri katika jibu la kutojisifu, hapo si mahali pake.

Na Oxford na Cambridge?

Ni jambo lingine kabisa. Kule wanaokusaili ni walimu watakaokufundisha, wanakupa tatizo la hesabu au kifungu cha kusoma, na usaili wao una uzito mkubwa. Usitumie ukurasa huu kujiandaa nao.

## Hali za pekee

Msaili niliyepangiwa anafahamiana na familia yetu.

Mwambie mara moja, kabla ya kupanga muda. Ndugu, mwalimu wako, mwajiri wa mzazi wako au rafiki wa karibu wa nyumbani hapaswi kukusaili, na chuo kitampanga mwingine au kitauacha usaili. Kukosa usaili kwa sababu hiyo ni sawa na kutoitwa. Soma jibu la "Sikuitwa" hapo juu.

Ninaishi Marekani, familia yetu ilitoka Congo kupitia kambi ya wakimbizi. Lazima nisimulie hayo?

Si lazima. Vijana wengi wa nyumba zinazozungumza Kiswahili kule huhisi kwamba bila kuuza machungu yao hawatasikilizwa. Msaili hana haki ya kukudai hadithi ya vita. Ukitaka kuieleza, chagua wewe sehemu ya kueleza na mahali pa kukomea. Ukipenda kuzungumza saa nzima juu ya kemia, zungumza juu ya kemia. Kuwafasiria wazazi hospitalini na shuleni tangu utotoni ni kazi kubwa, na inaweza kutajwa bila kugusa yaliyotokea kabla yake.

Niliahirishwa Desemba hadi duru ya kawaida. Nitasailiwa tena?

Kwa kawaida hapana. Ripoti ya kwanza inabaki kwenye faili. Kama hukusailiwa awali, unaweza kuandikiwa Januari au Februari. Wakati huo tuma chuoni alama mpya na barua fupi ya mambo yaliyobadilika tangu Novemba.

Msaili alinisifu sana, hata akaniambia tutaonana kampasi. Nimekataliwa. Nimwombe anitetee?

Hakupaswa kukuambia hivyo, ingawa huenda alikipenda alichokisikia na ripoti yake ikawa nzuri kweli. Hana njia ya kubadilisha uamuzi, mara nyingi haambiwi sababu, na ofisi haipokei rufaa kupitia kwake. Mwandikie mistari michache ya kumshukuru na kumjulisha matokeo. Kama katika mazungumzo yenu alikutajia chuo kingine au mfuko wa ufadhili unaolingana na fani yako, muulize kuhusu hicho. Hapo anaweza kukusaidia.